Kura ilivyomwangukia diwani wa South Blyth

Mei 5, 2017, kaskazini-mashariki mwa England, watu wazima wawili walivuta vijiti kama watoto wanaoamua nani akae golini. Mmoja alikuwa Lesley Rickerby wa chama cha Liberal Democrat, mwingine Daniel Carr wa Conservative. Wote wawili walikuwa wakitafuta udiwani wa kata ya South Blyth, na kila mmoja alikuwa amepata kura 356. Karatasi zilihesabiwa upya zaidi ya mara moja, na bado zikawa sare. Ndipo vikaletwa vijiti. Rickerby akatoka na kirefu, akawa diwani.

Habari hiyo ilisambaa kama kichekesho cha siku. Lakini kijiti kifupi cha Carr kilikuwa na uzito kuliko kiti kimoja cha udiwani. Halmashauri ya Northumberland, ambamo South Blyth imo, ilikuwa na viti 67, na ili chama kiwe na wingi kilihitaji viti 34. Hesabu za kata zote zilipokamilika, Conservative walikuwa na 33.

Sisi tunaosema Kiswahili hatuna haki ya kushangaa sana. Neno letu kura halikuanzia kwenye sanduku. Tumelichukua kwa Waarabu, na kwao lilikuwa jina la kile kinachoachiwa bahati iamue. Kura ilimwangukia Yona, ambaye Waislamu wanamwita Nabii Yunus, akatupwa baharini, na hapakuwa na mtu aliyempigia kampeni. Uchaguzi wa kisasa ulipofika ulilikuta neno hilo likitumika, ukalivaa. Ndiyo maana Kiswahili kinaweza kukieleza kisa cha South Blyth kwa namna ambayo Waingereza wenyewe hawawezi: kura zilifungana, kura ikaamua.

Sheria yao nayo inatumia picha hiyohiyo. Wagombea wakilingana, na kura moja zaidi ingempa mmoja wao kiti, msimamizi wa uchaguzi anatakiwa aamue kwa bahati nasibu papo hapo. Yule ambaye bahati imemwangukia anachukuliwa kana kwamba amepata kura moja ya ziada. Sheria haitaji chombo cha kutumia. Msimamizi anaweza kurusha sarafu, kukata karata, kuvuta jina kutoka kwenye kofia au kutumia vijiti. Kinachokatazwa ni kuondoka ukumbini bila mshindi. Hakuna kurudia uchaguzi, na msimamizi hana kura ya kwake ya kuvunja sare, jambo ambalo binafsi naliona la busara. Mtumishi wa halmashauri akipewa nafasi ya kumchagua bosi wake wa kesho, hata akiwa malaika, watu watanong'ona. Kijiti hakina chama.

Sheria imekwenda mbali zaidi ya hapo. Aliyeshindwa ana siku 21 za kufungua kesi ya kupinga matokeo. Mahakama ikizichambua karatasi na kukuta kura kweli zililingana, uamuzi wa bahati uliofanywa na msimamizi unabaki kuwa halali. Na kama sare imegunduliwa mahakamani kwa mara ya kwanza, basi mahakama yenyewe ndiyo inayopiga hiyo bahati nasibu.

Kabla ya vijiti, hata hivyo, kuna kazi ya mikono, na hapo ndipo wakala mzuri anapolipa chakula alichokula. Sanduku likifika, kwanza karatasi zinahesabiwa idadi yake tu na kulinganishwa na hesabu iliyotoka kituoni. Kisha zinapangwa kwa mafungu ya kila mgombea. Pembeni kuna fungu la nne au la tano ambalo watazamaji hulipuuza: karatasi zenye shaka. Isiyo na alama rasmi inakataliwa. Iliyochagua watu wengi kuliko nafasi zilizopo inakataliwa. Iliyoandikwa kitu kinachoweza kumtambulisha mpiga kura inakataliwa, na iliyoachwa tupu pia. Mwingereza anatakiwa kuweka alama ya msalaba, lakini akiweka ya vema, au akiichora nje kidogo ya kisanduku, karatasi yake haitupwi ikiwa nia yake inaonekana wazi. Neno hilo, wazi, ndilo mawakala hugombania usiku kucha.

Tena kuna hesabu ndogo ambayo wengi hawaiwazi. Karatasi moja ikiingia kwenye fungu la mpinzani kwa bahati mbaya, tofauti haibadiliki kwa moja bali kwa mbili, kwa sababu mmoja amepunguziwa na mwingine ameongezewa. Mafungu ya 356 kwa 356 yangekuwa 355 kwa 357. Kwa hiyo mgombea aliyezidiwa kura mbili anapoomba zihesabiwe upya si king'ang'anizi, anajua anachokitafuta. Msimamizi anaweza kumkatalia akiona ombi halina mantiki, ila palipo na sare sidhani kama yupo msimamizi mwenye ujasiri huo.

Virginia, Marekani, walionja uchungu wa karatasi moja mwaka huohuo wa 2017. Katika jimbo la 94 la bunge la huko, Shelly Simonds alionekana ameshinda kwa kura moja baada ya kuhesabiwa upya, kisha majaji wakaikubali karatasi moja iliyokuwa imekataliwa, na wagombea wakawa na kura 11,608 kila mmoja. Januari 4, 2018 jina la mpinzani wake, David Yancey, lilichomolewa kwenye bakuli, na chama chake cha Republican kikabaki na wingi wa viti 51 kwa 49. Kule bakuli lilitoa wingi. Northumberland kijiti kiliunyima.

Northumberland si eneo dogo. Ni kaunti ya zaidi ya kilomita za mraba 5,000 inayopakana na Scotland, yenye watu wapatao 320,000 tu, wengi wao wakiwa wamesongamana kwenye pembe ya kusini-mashariki. Pembe hiyo ndiyo ya makaa ya mawe. Blyth ni mji wa bandari uliosafirisha makaa na kuunda meli. HMS Ark Royal ya 1914, meli ya kubebea ndege, ilijengwa hapo. Viwanda vya meli vilifungwa 1967, na mgodi wa Bates ukafuata 1986. Miji ya aina hii ilikuwa ya chama cha Labour karibu kwa kuzaliwa. Kwingineko, kwenye mashamba, vijiji vya mawe na vitongoji vyenye nafasi kama Ponteland, Conservative hulala usingizi.

Hadi 2009 kulikuwa na halmashauri za wilaya sita chini ya ile ya kaunti, mojawapo ikiwa Blyth Valley. Aprili 1 mwaka huo zote sita zilivunjwa, kazi zao zikahamishiwa halmashauri moja kubwa iliyokaa Morpeth. Kuanzia shule na barabara hadi taka na vibali vya ujenzi, vyote sasa viko meza moja. Msomaji wa Tanzania awazie halmashauri ambamo mbunge hana kiti wala hakuna viti maalumu: ni madiwani wa kata tu, karibu kila kata ikitoa mmoja, na hao ndio wanaomchagua kiongozi wao. Mwenye viti 34 anapanga. Mwenye 33 anabembeleza.

Tangu kuunganishwa huko hapakuwa na chama kilichofika 34. Uchaguzi wa 2008 uliwapa Liberal Democrat 26, Conservative 17, Labour 17, na madiwani wasio na chama 7. Mwaka 2013 Labour wakapata 32, wakatawala kwa kuazima mikono ya wengine. Mei 4, 2017 upepo uligeuka nchi nzima. Waziri Mkuu Theresa May, wa Conservative, alikuwa ametangaza wiki mbili tu nyuma kwamba uchaguzi mkuu utafanyika Juni, na Conservative wakazoa zaidi ya viti 500 vya udiwani kote nchini huku Labour wakipoteza zaidi ya 300. Northumberland, Conservative wakapanda kutoka 21 hadi 33, Labour wakashuka hadi 24, wasio na chama wakawa 7, na Liberal Democrat wakaporomoka kutoka 11 hadi 3.

Tazama hiyo 3. Theluthi ya kikosi kizima cha Liberal Democrat ilitegemea kijiti.

Hao 7 wasio na chama nao wasipitwe kirahisi. Tanzania haijaruhusu mgombea binafsi mpaka leo, ingawa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu ilitoa hukumu dhidi ya katazo hilo mwaka 2013. Kenya iliwafungulia mlango kwa Katiba ya 2010. Katika halmashauri kama ya Northumberland madiwani saba wasio na chama si pambo. Chama kikibaki na upungufu wa kiti kimoja, ndio wanaogeuka kuwa soko.

Je, kijiti kilizuia nini hasa?

Kwa muda mfupi, karibu hakuna. Peter Jackson wa Conservative alichaguliwa kuongoza halmashauri mwezi huohuo. Mpango wa Labour wa kuhamisha makao makuu kutoka Morpeth kwenda Ashington, mji mwingine wa wachimba makaa, ukafutwa. Julai 2017 rasimu ya mpango mkuu wa matumizi ya ardhi, iliyokwishapelekwa kukaguliwa, ikaondolewa mezani, na mpango mpya haukupitishwa mpaka Machi 2022. Kampuni ya maendeleo ya halmashauri, Arch, ikafungwa na mahali pake pakakaa Advance Northumberland. Hayo si matendo ya watu waliofungwa mikono. Ukumbuke pia kwamba kwenye vikao vya halmashauri za England mwenyekiti wa kikao ana kura ya pili pale kura zinapolingana. Siku ambayo diwani mmoja wa upinzani ana mafua, 33 ni wingi.

Ni kwa mbali ndipo pengo lilipojitokeza. Septemba 2020, katika mgogoro mzito uliohusu uongozi wa juu wa halmashauri, madiwani walimwondoa Jackson kwa kura ya kutokuwa na imani. Glen Sanderson, wa chama chake mwenyewe, akachukua nafasi. Siwezi kusema kwamba kiti cha South Blyth kingemwokoa, kwa kuwa mgogoro wa aina hiyo hupasua hata chama chenye wingi. Ila kiongozi mwenye 34 anaingia kwenye kikao cha namna hiyo akijua ana kazi ya kuwatuliza watu wake. Mwenye 33 lazima awatulize watu wake, kisha aende kubisha hodi kwa jirani, na jirani ana hesabu zake.

Hapa ndipo ninapoachana na wanaokitumia kisa hiki kuhubiri kwamba kila kura ina thamani sawa. South Blyth inaonyesha karibu kinyume chake. Kura moja zaidi kwa Carr ndani ya kata hiyo ingetoa diwani na wingi wa halmashauri nzima. Kura hiyohiyo ingepigwa kwenye kata ambayo mshindi ameongoza kwa mamia, isingebadilisha hata tangazo la msimamizi. Mfumo wa Waingereza, wa mwenye nyingi achukue vyote kata kwa kata, haugawi uzito sawa kwa sanduku zote. Unaurundika uzito mahali pachache, na hakuna anayejua ni wapi mpaka usiku wa kuhesabu. Walioamua kukaa nyumbani South Blyth siku ile ya Alhamisi hawakujua kwamba wameketi juu ya mizani.

Kati yao huenda walikuwamo watu wetu. Hili ni jambo ambalo Waafrika Mashariki wengi waishio Uingereza hawalijui, na linaniudhi kila ninapokutana nalo. Raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola anayeishi Uingereza kihalali, akiwa na umri wa kutosha na akijiandikisha, ana haki ya kupiga kura, si ya udiwani pekee bali hata ya ubunge. Haihitaji uraia wa Uingereza. Mtanzania, Mkenya, Mganda na Mnyarwanda wamo, ila Mkongomani na Mrundi hawamo kwa sababu nchi zao si wanachama. Muuguzi kutoka Mombasa anayefanya kazi ya zamu katika mji kama Blyth angeweza kuwa kura ya 357, ya yeyote amtakaye, akiwa na pasipoti yake ya Kenya kabatini.

Mwaka 2017 asingehitaji hata kuichukua hiyo pasipoti. Mpiga kura wa England alitaja jina na anwani, akapewa karatasi. Tangu Mei 2023 lazima aonyeshe kitambulisho chenye picha. Katika uchaguzi wa kwanza wa utaratibu huo watu wapatao 14,000 waliofika vituoni waliondoka bila kupiga kura kwa kukosa kitambulisho kinachokubalika. Kwa nchi nzima ni punje. Kwenye kata yenye sare, hata mmoja anatosha kuwanyima watu usingizi. Kwa bahati nzuri pasipoti ya nchi yoyote ya Madola inakubaliwa.

Blyth haikuacha kuchezea namba. Mwezi mmoja baada ya vijiti, Juni 8, 2017, Ronnie Campbell wa Labour alikilinda kiti chake cha ubunge cha Blyth Valley kwa tofauti ya kura 7,915, na ungedhani mji umerudi nyumbani. Desemba 12, 2019, Campbell akiwa amestaafu, Ian Levy wa Conservative alikinyakua kiti hicho kwa kura 17,440 dhidi ya 16,728. Yalikuwa miongoni mwa matokeo ya kwanza kabisa kutangazwa usiku ule, na mara tu yaliposomwa, kila mtu mbele ya televisheni alijua Labour wamevunjika kaskazini. Toa hesabu: tofauti ni 712. Sasa jumlisha 356 za Rickerby na 356 za Carr. Ni sadfa tupu, haithibitishi chochote, lakini nilipoiona kwa mara ya kwanza nililazimika kuirudia kwa kalamu.

Nadhani vijiti vilikuwa dalili iliyopita machoni pa wengi kwa sababu kila mtu alikuwa akicheka. Conservative kufika 356 kwa 356 katika kata ya mji wa makaa ya mawe lilikuwa jambo lenyewe. Wachambuzi wakaandika juu ya kijiti, wakaiacha 356.

Mei 2021 wapiga kura walirudi vituoni, na Conservative wakapata walichonyimwa miaka minne nyuma: viti 34 kati ya 67. Wingi wa kiti kimoja, kamili, bila senti ya akiba. Wingi wa namna hiyo unaishi kwa afya ya watu. Mmoja akifa, akihama au akichoka, umekwisha. Haikuchukua hata mwaka. Diwani wa Conservative wa Hexham East, kata ya mji wa upande wa pili wa kaunti, alijiuzulu. Uchaguzi mdogo ukaitishwa mwaka huohuo na kiti kikaenda kwa Liberal Democrat. Conservative wakarudi 33, namba ileile ya siku ya vijiti, na safari hii hapakuwa na wa kumlaumu isipokuwa wapiga kura.

Mei 2025 mipaka ya kata ilikuwa imechorwa upya na viti vimekuwa 69, kwa hiyo wingi sasa unaanzia 35. Conservative walipata 26. Chama cha Reform, ambacho 2017 hakikuwapo, kikaibuka na 23, na Labour, waliokuwa na 32 mwaka 2013, wakabaki na 8. Sanderson akaendelea kuongoza akiwa na upungufu wa viti tisa.